UZI: Tovuti za zamani hazikuwa za kishamba, kila kituko kilikuwa na sababu yake

FundiKurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, juzi kuna mtu karusha kwenye kundi fulani picha ya tovuti ya mwaka 1997, watu wakaicheka mpaka basi. Nyuma kumejaa nyota, maandishi ya njano, katikati kuna kakatuni kanachimba kwa sepetu na maneno "ukurasa unajengwa", chini kabisa "Wewe ni mgeni wa 00412". Mmoja akauliza, "Kwani hawa walikuwa hawana macho?"

Macho walikuwa nayo, sema zana ndizo zilikuwa hamna. Kazi yangu ni kujenga na kukarabati tovuti, na za kale nimezirithi nyingi, zile ambazo aliyezijenga alishaondoka zamani na nywila kaondoka nayo. Kadiri nilivyozifumua ndivyo nilivyoacha kucheka. Nitashusha kwa vipande, mwenye swali aulize katikati, sina haraka.

Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa CERN, ile maabara ya fizikia nje kidogo ya Geneva, aliandika pendekezo. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya kiofisi kabisa: watafiti wanakuja, wanakaa kama miaka miwili, wanaondoka na wanachokijua kichwani. Taarifa zipo, ila kila moja imelala kwenye kompyuta isiyoelewana na jirani yake. Bosi wake, Mike Sendall, aliandika kwa kalamu juu ya karatasi ile kwamba wazo halijakaa vizuri lakini linasisimua. Hakulikubali rasmi, hakulikataa. Baadaye akaruhusu inunuliwe kompyuta moja ya NeXT, na hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Kufikia mwisho wa 1990 jamaa alikuwa na seva (programu inayogawa kurasa kwa wanaoziomba), lugha ya kuandikia kurasa (HTML) na kivinjari (programu ya kuzifungulia), vyote ndani ya mashine hiyo moja. Kwenye kasha lake alibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba hii ni seva, msiizime. Mngeizima, wavuti wote duniani ungekuwa umezimika.

Sasa shikeni mambo mawili, maana nitayarudia. La kwanza, kivinjari kile kilikuwa cha kusomea na kuandikia hapohapo. Unafungua ukurasa, unaurekebisha, unaweka kiungo. La pili, kioo cha NeXT ile kilionyesha ngazi nne tu, nyeusi, nyeupe na kijivu mbili. Kwa hiyo anayedhani viungo vilizaliwa na rangi ya bluu, amechelewa. Vilipigiwa mstari tu.

Na HTML yenyewe? Vichwa vya habari, aya, orodha, viungo, basi. Picha hamna, rangi hamna, hata kuweka maneno katikati hamna. Ilifanywa hivyo kwa makusudi: mwandishi aseme hiki ni kichwa, hii ni aya, halafu mashine ya msomaji iamue yenyewe vionekane vipi. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja pale CERN, Nicola Pellow, akaandika kivinjari kinachofanya kazi kwenye mashine yoyote yenye herufi tu. Kila kiungo kilikuwa na namba kwenye mabano. Unataka kiungo cha tatu? Andika 3, bonyeza Enter. Ukurasa uleule uliofunguka kwenye NeXT ya bei mbaya ulifunguka hapo pia.

Naendelea baadaye.

KipanyaBubu

Nimeweka kambi. Shusha nondo mkuu.

Mwanagenzi

Swali la haraka. Eti 404, ile namba inayotokea ukurasa usipopatikana, ni namba ya chumba pale CERN walikokuwa wanaweka faili, mtu akienda asikute anarudi anasema "404, hakuna kitu". Kweli?

FundiKurasa

Hadithi tamu, ila ni ya kutunga. Robert Cailliau, Mbelgiji aliyeshirikiana na Berners-Lee toka mwanzo, aliulizwa akasema ni upuuzi. Namba zimepangwa kwa makundi: zinazoanza na 2 maana yake mambo safi, zinazoanza na 4 kosa liko kwa aliyeomba, zinazoanza na 5 kosa liko kwa seva. 404 ni mmoja tu katika familia ya nne.

Mkitaka cha kweli cha kuchekesha, ile mikwaju miwili baada ya http na nukta mbili haikuwa na ulazima wowote. Berners-Lee mwenyewe alikiri mwaka 2009. Hesabuni mmeiandika mara ngapi.

FundiKurasa

Kipande cha pili. Agosti 6, 1991 Berners-Lee akautangaza mradi kwenye kundi la majadiliano la watu wa matini-viungo, yaani maandishi yenye viungo vya kukupeleka kwingine. Lakini msidhani dunia ililipuka. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa Gopher, na kwa muda Gopher ndiyo iliyokuwa inakimbiza. Ilikuwa menyu juu ya menyu: unachagua folda, unaingia, unachagua faili. Safi, nyepesi, mtu anaielewa kwa dakika moja.

Kilichoiangusha ni jambo la karatasi. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva za Gopher watatozwa ada ya leseni. Wahandisi wakaanza kuangalia mlango uko wapi. Aprili 30, 1993 CERN ikatia saini tamko kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma, mtu yeyote aitumie, hakuna malipo. Hesabu ikawa rahisi kwa kila aliyekuwa anasitasita.

Mwaka huohuo wa 1993 ndio picha zilipoingia. Vijana wa NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina, walikuwa wanatengeneza kivinjari kinaitwa Mosaic. Februari 25 Andreessen akaandika kwenye orodha ya barua pepe ya watengenezaji kwamba anapendekeza tagi mpya (alama ya HTML inayokiambia kivinjari cha kufanya), img, ya kuchomeka picha katikati ya maandishi. Wenzake wakajibu kwa hoja nzuri tu: mbona tusitengeneze tagi moja ya kubeba aina yoyote ya faili, mbona tusisubiri tukapanga vizuri? Mjadala ukiwa bado mbichi, Mosaic ikatoka nayo. Mpaka leo picha nyingi mnazoziona kwenye kurasa zinapita kwenye tagi ya kijana aliyekataa kusubiri kikao kiishe.

Mosaic ndiyo iliyosambaza mandhari ya kijivu na viungo vya bluu. Ilipotoka ya Windows na ya Macintosh mwishoni mwa 1993, watu wa kawaida wakaingia. Ila kuna kitu kilidondoka njiani na hakuna aliyekililia: sehemu ya kuandikia. Kivinjari kikawa cha kusoma tu. Mimi hili huwa linaniuma kuliko mikwaju.

BiPikseli

Umesahau dirisha moja lililobaki wazi, kaka: "angalia chanzo cha ukurasa". Kuandika kuliondoka, lakini ulikuwa ukiona kitu kizuri unabofya hapo, unaona kodi yote, yaani HTML iliyoujenga ukurasa (hii hailipiwi mamlaka yoyote), unanakili, unabadilisha majina, ukurasa wako tayari. Mimi sikusoma darasani. Nilisoma kwenye kurasa za watu.

FundiKurasa

Bi Pikseli, hapo umenipiga kikumbo na nimekubali. Ndiyo maana mitindo ilisambaa kama moto. Mtu mmoja akigundua mbinu Jumatatu, kufikia Ijumaa iko kwenye tovuti elfu, pamoja na makosa yake.

Kipande cha tatu, na hapa ndipo moyo wa uzi ulipo.

Andreessen akaondoka chuoni, akaungana na Jim Clark, wakaanzisha kampuni ambayo tuliijua kama Netscape. Kivinjari chao, Navigator, toleo la kwanza lilitoka Desemba 1994. Watu wa magazeti na matangazo wakaanza kuingia wakitaka kurasa zipangwe kama jarida: safu mbili, nembo kushoto, menyu pembeni. HTML haina hata "katikati". Netscape ikaanza kuongeza tagi zake: center, ukubwa wa fonti, na toleo la 1.1 la mwaka 1995 likaleta rangi za nyuma, picha za nyuma na majedwali.

Jedwali lililetwa kwa ajili ya takwimu. Safu, mistari, namba. Wabunifu wakaligeuza wakaona: ukiweka mipaka yake iwe sifuri, haionekani. Una gridi isiyoonekana! Menyu kaa kisanduku cha kushoto, habari kaa cha katikati, tangazo kaa kulia. Kwa zaidi ya miaka mitano karibu kila tovuti duniani ilikuwa jedwali la takwimu lisilo na takwimu.

Tatizo, kisanduku kisicho na kitu kilisinyaa. Ukitaka nafasi ya pikseli (vidoti vya kioo) 20 kati ya safu mbili, utaishikiliaje? Ndipo ikazaliwa GIF (aina ya faili la picha) ya pikseli moja, angavu, haionekani kabisa, faili la baiti 43. Unaiweka ndani ya kisanduku halafu unakiambia kivinjari, "hii picha ina upana wa 20". Kinatii. Hiyo pikseli moja ndiyo iliyokuwa tofali, nondo na saruji. Unataka aya isogee ndani? Pikseli, upana 15. Unataka mstari mwembamba mwekundu? Pikseli nyekundu, vuta mpaka 600.

Na picha kubwa ya juu ilikuwa inakatwakatwa vipande kama keki, kila kipande kisanduku chake, vikiungana jicho linaona picha moja. Sasa ole wako ubonyeze Enter kati ya picha na tagi ya kufunga kisanduku. Kivinjari kinahesabu hiyo Enter kama nafasi, na ufa unatokea katikati ya nembo ya mteja. Kodi ilikuwa imebanana hivyo kwa sababu ya ufa, mwandishi hakuwa mchafu.

Niwape langu. Niliwahi kukabidhi tovuti kwa mteja mmoja, nimeijaribu kwenye Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, iko poa. Mteja akapiga simu: "Umenitumia karatasi nyeupe." Nikamwambia aufungue ukurasa upya. Nyeupe. Tukabishana nusu saa, nikaanza kumshuku yeye. Kumbe anatumia Netscape 4, na mimi nilikuwa na majedwali saba moja ndani ya jingine, la tano nimesahau kulifunga. Explorer ilikuwa inakusamehe, inalifunga yenyewe kimyakimya. Netscape ilikuwa haichori jedwali ambalo halijafungwa. Haikupi kosa wala onyo. Inakupa ukurasa mweupe tu na wewe utajiju.

KipanyaBubu

Majedwali saba 😂 hapo ndani ulikuwa unaenda na tochi?

MzeeWaModemu

Vijana pia mkumbuke kasi. Modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, kwenye karatasi inakupa kama kilobaiti 3.6 kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 60, ambayo leo hamwezi hata kuiita picha, ilikuwa inachukua sekunde 17 hivi. Moja! Na laini ya simu umeishika, mtu mwingine ndani ya nyumba hapigi. Ndiyo maana picha za GIF zilikuwa zinatokea kwa matabaka, kwanza ukungu, halafu kidogo kidogo zinakaa sawa. Ilikuwa ustaarabu huo, kukuonyesha mapema kama inafaa kusubiri.

Zile nyota za nyuma mnazozicheka zilikuwa kipicha kidogo sana kinachorudiwa kama vigae. Kinapakuliwa mara moja, kinajaza kioo chote. Kwa uzito wa kilobaiti mbili tatu unapata anga nzima. Niambieni ubunifu wa bei rahisi kuliko huo.

FundiKurasa

Mzee, shikamoo. Umemaliza kipande changu cha nne, nibakize rangi tu. Vioo vingi vilionyesha rangi 256. Windows na Macintosh hazikukubaliana zote ni zipi, waliopiga hesabu wakakuta zinazofanana pande zote ni 216: ngazi sita za nyekundu mara sita za kijani mara sita za bluu. Ukichagua nje ya hapo, kioo kinachanganya vidoti kukaribia rangi yako, uso wa mtu unakuwa kama una surua. Katika hizo 216 nyingi zinawaka vibaya. Zile rangi laini mnazozipenda leo karibu hazimo. Kwa hiyo yule wa maandishi ya njano alichagua kilichokuwepo sandukuni.

Mpinzani_Rasmi

Mkuu uzi mzuri ila unawatetea mno. Maandishi yanayowakawaka nayo yalikuwa na sababu ya kiufundi? Na yale yanayokimbia upande hadi upande? Tukubali tu, kuna ushamba ulikuwepo.

FundiKurasa

Hapo umenishika, kwenye blink sina utetezi. Lou Montulli, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa Netscape, ndiye huyohuyo aliyebuni vidakuzi, amesimulia mwenyewe. Mwaka 1994 walikuwa baa. Alikuwa amewahi kuandika Lynx, kivinjari cha herufi tupu, akasema hivi tunavyoongeza vikorombwezo vipya, Lynx itaachwa nyuma kwa vyote, labda iweze maandishi ya kuwakawaka tu. Wakacheka, wakatania, wakanywa. Asubuhi akakuta kuna mhandisi kakesha ofisini na tagi ya blink iko ndani ya programu. Utani wa baa ukaingia kwenye kompyuta za dunia nzima, na Firefox ilikuja kuutoa mwaka 2013. Microsoft nao wakajibu kwa marquee, hayo yanayokimbia. Vita vya vivinjari vilikuwa hivyo: wewe una linalowaka, mimi nina linalokimbia.

Ila ona na hili. Mtu wa kawaida alikuwa ndiyo kwanza amepata ukurasa wake. GeoCities, iliyoanza 1994, iliwapa watu kurasa bure na kuzipanga kwa mitaa: wa sinema wanakaa Hollywood, wa viumbe wa anga wanakaa Area51, na kila mmoja ana namba ya nyumba kwenye anwani yake. Mtu kapewa nyumba, asipake rangi anayotaka? Kihesabu wageni kilikuwa ndiyo njia yake pekee ya kujua kama kuna aliyepita. Kitabu cha wageni kilikuwa ndiyo sehemu yake ya maoni. Yahoo waliinunua 1999 kwa hisa za zaidi ya dola bilioni 3.5, wakaifunga Oktoba 2009, na kama si watu wa kujitolea waliokesha wakinakili kurasa zile kabla hazijafutwa, leo tusingekuwa na cha kucheka.

Mwanagenzi

Na CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, ilikuwa wapi muda wote huo?

FundiKurasa

Ilikuwepo, ndiyo uchungu wenyewe. Håkon Wium Lie aliipendekeza Oktoba 1994, akiwa hapohapo CERN. Bert Bos akaungana naye, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Vivinjari ndivyo vilivyochelewa: kila kimoja kilitekeleza nusu yake, na nusu hizo hazikufanana. Ukiandika CSS safi, Netscape 4 inaivuruga. Ukiandika jedwali, linafanya kazi kote. Mwenye mteja anayesubiri angechagua nini? Mambo yalianza kugeuka miaka ya 2000 na kitu, hasa Dave Shea alipofungua CSS Zen Garden mwaka 2003: HTML ileile moja, wabunifu tofauti wanaivika CSS zao, na hutaamini ni ukurasa mmoja.

BiPikseli

Anayetaka kushuhudia majedwali kwa macho yake, tovuti ya filamu ya Space Jam ya 1996 bado ipo hewani. Zile sayari zinazoizunguka nembo, angalia chanzo uone zimekaliaje hapo.

Mwanagenzi

Nimetoka huko. Nimecheka, halafu nikaheshimu.

Ila kuna kitu sijaelewa. Nimefungua na ule ukurasa wa kwanza kabisa, CERN waliurudisha kwenye info.cern.ch. Kwenye kompyuta nikipunguza dirisha, maneno yanajipanga upya yenyewe, safi kabisa. Kwenye simu herufi zimekuwa kama sisimizi. Si ulisema ulitengenezwa ufunguke kwenye mashine yoyote?

FundiKurasa

Swali bora kuliko yote kwenye uzi huu.

Ukurasa hauna kosa, simu ndiyo inaigiza. Tulipohamia kwenye majedwali tulizipa kurasa upana maalumu wa pikseli. Vioo vikiwa 640, tunajenga karibu na 600. Vikiwa 800, tunajenga 760. Ule mpango wa "mashine ya msomaji iamue" tukauzika wenyewe. iPhone ilipotoka 2007 ikakuta wavuti umejaa kurasa ngumu namna hiyo, ambazo zingevunjika kwenye kioo chembamba. Apple wakaamua simu idanganye: ijifanye ina upana wa pikseli 980, ichore ukurasa wote, halafu iupunguze utoshe kiganjani. Simu nyingine zikafuata mtindo huo.

Ukitaka simu iache kuigiza, kuna mstari mmoja wa viewport unauweka juu ya ukurasa, unaiambia itumie upana wake halisi. Karibu tovuti zote za leo zinao. Ule wa CERN hauna, kwa sababu ulipoandikwa hapakuwa na uongo wa kukanusha. Na CERN wamesharudisha faili kama lilivyokuwa, hawawezi kuuongeza.

Kwa hiyo hizo herufi za sisimizi ni kazi yangu mimi na majedwali yangu saba.